Magurudumu ya Nyuma

Cyril hakurudi siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Machi 1939. Saa kumi jioni Bwana Hallam, mkuu wa wahandisi, aliingia katika chumba chetu cha kunakili michoro, kofia mkononi. Wanawake sita tuliweka kalamu chini. Nilijua habari ni yangu kabla hajanitazama.

Mume wangu, Cyril Pargeter, alikuwa dereva wa majaribio hapo kiwandani, Coventry. Jeshi lilitaka gari dogo lenye deraya ya chuma, la kwenda mbele kumchungulia adui na kurudi upesi. Injini ilisukuma magurudumu yote manne, na usukani nao uliyageuza yote manne. Cyril aliliendesha kinyumenyume kati ya mapipa bila kugusa hata moja, wakubwa wakapiga makofi. Hapo ndipo tulipokosea. Desturi ya kiwanda ilikuwa kumpa gari jipya dereva hodari kuliko wote, kisha kuandika kwamba gari ni zuri.

"Ivy, makofi yale ni yangu, si ya gari," aliniambia tukila. "Askari wa kawaida litamuua. Magurudumu ya nyuma yafungwe, yasigeuke."

Akamleta jirani yetu Enoch, anayepeleka mikate majumbani kwa gari, ajaribu kuliendesha katika ua wa kiwanda. Enoch alirudi nyuma mara moja tu akabomoa uzio.

"Enoch, mzee, huko hakuna mteja!" mafundi walimtania.

"Gari gani hili halina adabu!" Enoch alifoka. "Mbele kunakwenda kwake, nyuma kwake!"

Bwana Hallam hakucheka. "Pargeter, huyo ni mtu wa mikate. Jeshi lina madereva."

"Basi nipe dereva wa jeshi, mkuu. Nitakaa naye mwenyewe."

Jumanne ile wakampa sajenti mmoja, mtu mzima, mpole. Deraya ilikuwa haijafika, kwa hiyo wakapakia vyuma vya uzito wake. Kilimani sajenti aliambiwa arudi nyuma kwa kasi, kama mtu aliyemwona adui. Gari likayumba, naye akakata usukani. Likabiringika upande wa Cyril.

Sajenti alipona. Alikuja mazishini, mkono umefungwa bandeji.

"Mama, niligeuza kidogo tu," akasema. "Kidogo sana."

"Najua," nikamwambia. "Alishasema."

Mwezi wa Aprili Bwana Hallam alileta mchoro mpya wa ekseli, mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma. Alisimama nao karibu na meza yangu, hajui pa kuuweka.

"Nimpe mwingine, Bibi Pargeter?"

"Hapana, bwana. Lete hapa."

Niliunakili kwa siku mbili. Jina la Cyril halimo. Michoro haiandikwi majina ya madereva.

Magari yanayotoka kiwandani sasa hugeuza magurudumu ya mbele tu.