Kreti za Mama Mkwe

Nilijitia kitanzi mwenyewe. Nilipofungua hoteli yangu hapa Kehancha niliwakataa mawakala wote wa samaki, nikamchagua mama mkwe wangu Filister, anayenunua moja kwa moja ufuoni Kisegi. Mtu wa nyumbani hawezi kukuibia. Na kweli hajaniibia hata siku moja. Shida ni safari. Kreti mbili za samaki hupanda gari alfajiri, hushushwa Migori, husubiri gari lingine juani, na zikinifikia barafu imekuwa maji na harufu inatangulia.

Nimwambie nani? Mwanaume hamkosoi mama mkwe. Hata kumtazama usoni naogopa. Nilijaribu kumtuma mke wangu Liz, akaniambia, "Ukikataa samaki ya mamangu umenikataa mimi. Mwambie mwenyewe." Anajua siwezi.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wanasema. Mimi nilikuwa nakwisha. Kreti zikifika nawafukia samaki kisirisiri shimoni nyuma ya choo, kisha nakimbia kwa Mayaka, mwenye friza sokoni, kununua samaki wengine. Nalisha shimo, nalisha wateja. Kilichonipa amani ni kimoja tu: kwa mila, mama mkwe hali chakula nyumbani kwa mkwe wake, kwa hiyo hatakuja kuonja.

Jumanne akaja.

Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akimwambia Liz kwenye kaunta, "Kwa nyumba ya Ryoba siwezi kula, hiyo ni mwiko. Lakini hoteli si nyumba. Nitalipa kama customer yeyote. Niletee samaki yangu, fry, na ugali."

Samaki wake walikuwa shimoni tangu jana. Nilikaanga wa Mayaka, Liz akapeleka, nami nikachungulia pembeni mwa pazia. Mama huyu amezeeka akipasua samaki. Niliomba agundue. Kweli niliomba! Aseme tu, "Hii si yangu," aibu inishike, yaishe, nipumue.

Alikula mpaka kichwa, akanyonya mifupa. Kisha akapaza sauti bila kugeukia jikoni.

"Ryoba! Watu wanasema samaki ya Kisegi ikifika huku imeharibika. Hiyo ni wivu. Leo nimekula mwenyewe. Kuanzia kesho nakutumia kreti nne."

"Asante, mama," nikajibu nikiwa nyuma ya pazia.