Leso za Bembeani

Kitu cha kwanza nilichokiona ni nyuzi. Nyuzi nyekundu, tano au sita, zilizojizungusha kwenye nati ya kiti nambari saba. Nilizivuta zikakataa kutoka, nikaziacha mpaka Jumwa alipokuja na kisu.

Mimi na Jumwa ni wasafishaji hapo Bembeani. Langoni pameandikwa jina refu la Kizungu, lakini watu wa Diani na Ukunda wote husema Bembeani, kwa sababu kitu unachokiona kwanza ukiwa barabarani ni zile bembea: viti ishirini na vinne vinavyoning'inia kwa minyororo kutoka kwenye mlingoti mmoja. Mlingoti ukizunguka, viti vinatawanyika hewani kama mwavuli unaofunguliwa. Sisi huingia saa kumi na mbili asubuhi, tukapangusa kila kiti cha kila mchezo kabla wageni hawajafika.

"Hizi ni za leso," Jumwa akasema, akizikata. "Jana jioni kuna mama ilimnasa hapa. Hakuumia. Alikuja na leso moja, akaenda kwao na mbili."

Siku ya pili yake pakawekwa kibao kwenye mlango wa bembea. Kilikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa nguo pana, na mstari mwekundu umepita juu yake. Nguo yoyote inayoning'inia, hupandi. Nilikipenda kile kibao kwa kuwa kilikuwa picha. Kusoma najua, ila polepole, na si mbele za watu. Shule niliachia darasa la sita.

Ilipita kama miezi miwili. Jumapili moja nilikwenda nyumbani Mkongani, nikamkuta mama yangu ana mkutano. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, yumo katika kikundi cha akina mama wa kanisa, watu kumi na wanane, wote wakulima. Kila mwaka hununuliana kitu. Mwaka mmoja sufuria, mwaka mwingine mablanketi, mwaka jana viti vya plastiki. Mwenyekiti wao, Mama Philister, akasimama na kusema kwamba sufuria zimetosha.

"Nauliza hivi," akasema. "Ni nani hapa aliyewahi kucheza tangu aolewe?"

"Kucheza na nani?" akauliza Mama Kavenya, nyumba nzima ikacheka. Mama Kavenya ni mnene, mcheshi, na hakuna mkutano unaokwisha bila yeye kukemewa.

Ndipo mwaitu akainua mkono. "Binti yangu anafanya kazi Bembeani, kule Diani. Anaijua michezo yote."

Wakageuka wote kunitazama. Nilikuwa mlangoni na birika la chai.

"Basi Kaindi atatupangia," akasema Mama Philister. "Twende siku gani, tuanze na mchezo gani, upi mzuri na upi wa kuacha. Unaweza, mama?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ana akili sana huyu," mwaitu akawaambia. "Ni mimi niliyemkosesha masomo. Nilimtoa shule alinde mahindi, nyani walikuwa wametuzidi mwaka ule. Aliporudi akaambiwa nafasi yake imeshachukuliwa."

Hadithi hiyo huisimulia kila mahali, kanisani, sokoni, hata kwa watu wasiouliza. Mimi hunyamaza.

"Na wewe Mwongeli, unataka upi?" Mama Philister akamwuliza.

"Mimi nataka ile bembea inayoruka tu," mwaitu akasema. "Hiyo mingine nitapanda kwa kuwafuata ninyi. Kwetu Kitui palikuwa na mti wenye kamba, tulikuwa tunapaa mpaka unaona paa la nyumba kwa juu. Niliolewa nikiwa bado sijaichoka ile kamba."

Alisema hayo akitabasamu, akiwa ametazama mikono yake. Mwaitu hajawahi kutaka kitu mbele za watu. Kama nyama imepungua yeye hushiba mapema, kama viti vimepungua yeye hupenda kusimama. Nikajiambia kwamba hata michezo mingine yote ikiharibika, huo ataupanda.

Kisha Mama Kavenya akasema hatuwezi kwenda Diani kila mtu na nguo yake kama watu waliookotwa njiani. Lazima pawe na sare. Na sare ya akina mama ni leso, nani asiyejua. Wakapiga kura papo hapo. Rangi ilichaguliwa kwa dakika mbili, ila maneno ya kuandikwa kwenye leso yaligombaniwa saa nzima.

Nilikuwa nakiona kile kibao machoni mwangu, na yule mwanamke mwenye mstari mwekundu. Nikafungua mdomo.

"Ndiyo, Kaindi?" akasema Mama Philister.

"Rangi nzuri," nikasema, nikamimina chai.

Nilirudi Ukunda kwenye chumba changu, nikachukua kalenda ya zamani, nikaigeuza nyuma na kuchora. Tiketi moja hukupa michezo minne, na michezo iko saba, kwa hiyo ilibidi kuchagua vizuri. Ukweli ni kwamba sikuwa nimepanda hata mmoja. Jumatatu ya mwisho wa mwezi wafanyakazi huruhusiwa kupanda, na kila mara nilisema nina nguo za kufua. Lakini kiti ukikipangusa kwa miaka miwili kinakueleza mambo mengi.

Vile vikombe vinavyozunguka, kwa mfano, ndiko tunakopeleka ndoo na mchanga, na kila mara ni baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo vikombe viwe kabla ya kula. Kwenye mashua ya kuyumba tunaokota vibanio vya nywele katika safu ya nyuma, na mara moja tuliokota meno ya bandia. Mashua nikaiacha. Kwenye treni ya kuzunguka uwanja huwa tunakuta maganda ya njugu tu, maana yake watu wamekaa wakastarehe, basi treni iwe ya kwanza ili akina mama wazoee. Kwenye gurudumu kubwa hatuokoti kitu, ila vyuma vya upande wa baharini vimejaa alama za vidole. Huko ndiko watu wanakoshika wakitazama. Nikachora gurudumu na mshale: mkae upande huu, saa kumi, jua likiwa mgongoni, mtaiona Chale, kile kisiwa. Mwisho kabisa nikachora bembea, na chini ya kiti kimoja nikachora mama mdogo anayecheka.

Nilipowapelekea ile kalenda, leso zilikuwa zimekwisha kuletwa. Nilimnong'oneza mwaitu kila mchezo naye akawaelezea, kwani tangu utotoni yeye ndiye mdomo wangu. Wakaupenda mpango. Mama Kavenya akauliza kama vikombe vina ruhusa ya mtu mmoja kukalia viwili. Mwaitu alikuwa amejifunga leso yake mpya, akajizungusha mara moja katikati ya nyumba ili niione. Ningeweza kumnong'oneza na hilo la kibao. Sikumnong'oneza. Nilijidanganya kwamba siku hiyo watazivua tu, kana kwamba magauni yao ya kanisani hayakuwa mapana kuliko leso zenyewe.

Tulikwenda Alhamisi moja ya Agosti. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, na mimi pia nilivaa sare. Asubuhi yote ilikwenda kama nilivyochora. Kwenye treni waliimba. Kwenye vikombe Mama Philister alifumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema ameona kila kitu. Tukala mahindi na maharagwe waliyobeba kutoka nyumbani, yakiwa bado moto. Saa kumi tukapanda gurudumu, na tulipofika juu Chale ilionekana kule kusini, kijani juu ya maji, nikawasikia kina mama kwenye visanduku vya mbele na nyuma wakiitana ili kila mmoja ahakikishe mwenzake ameiona. Mimi nilikuwa nimeshika chuma. Nikafikiri kwamba kesho asubuhi nitakuja kufuta vidole vyangu mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye bembea.

Anayeendesha bembea anaitwa Hesbon, kijana wa bara, mpole lakini hana mchezo na kazi yake. Alitutazama kumi na tisa tumejipanga na leso zetu, akashika kichwa.

"Aki Kaindi, si unajua hii kitu," akasema. "Si unaona kibao. Mathe zangu, poleni, hapa hakuna leso."

"Tuzivue?" akauliza Mama Philister.

"Na gauni nazo ni zilezile tu, mama. Zinapepea. Inataka suruali ama kitu imebana."

"Suruali," akasema Mama Kavenya. "Huyu anataka niingie kaburini nimevaa suruali."

Hakuna aliyecheka. Mama Philister akanigeukia. "Wewe ulijua, Kaindi?"

Nyuma yetu palikuwa na watoto wa shule na wazungu wawili, wote wakingoja. Mwaitu ndiye aliyejibu, kama kawaida yake. "Mtoto amesahau. Si kitu. Hata kutazama kunatosha. Nipeni mikoba niwashikie." Akaichukua mikoba, mmoja baada ya mwingine, akaenda kukaa kwenye benchi akaipanga mapajani mwake. Akaziinulia macho zile bembea tupu, akatabasamu, kama mtu ambaye nyama imepungua naye ameshashiba.

Nilimtazama akiwa hivyo na mikoba. Nilimkumbuka Jumwa, bomba lilipopasuka na choo kikajaa maji. Hakukunja gauni wala hakuliinua. Alijifunga leso juu yake akapiga ubinda kati ya miguu, kama mama yake anavyofanya kwao Vanga akiingia kwenye mpunga, akafagia yale maji mpaka yakaisha, na gauni lake halikulowa hata pindo. Nikaona kwamba tulichohitaji tulikuwa tumekivaa tayari.

"Sikusahau," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nilijua tangu siku ile ya kura. Niliogopa kusema. Naomba mnisamehe. Sasa nitazameni."

Nikasogea mbele, mahali ambapo kila mtu ananiona. Nikakaza leso kiunoni juu ya gauni. Nikainama nikakusanya ncha zake za chini pamoja na pindo la gauni, nikazipitisha katikati ya miguu, nikazivuta juu na kuzichomeka nyuma kiunoni, nikazifunga fundo. Ikawa kama suruali fupi, nene. Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Vuta," nikamwambia Hesbon.

Akanizunguka mara mbili. Akavuta leso mbele, akavuta nyuma. Haikutoka. Akanitikisa fundo la kiunoni kama anayekagua gunia.

"Hii inashika kuliko suruali," akasema. "Sawa. Lakini nakagua mmoja mmoja."

"Watu wa kanisa tutembee hivi?" Mama Philister akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwenyekiti, Mungu amekwisha kuniona nikiwa juu ya mwembe," akasema Mama Kavenya. "Hawezi kushangaa leo. Nifunge, Kaindi. Vuta sana, usinionee huruma."

Nikamfunga. Nikamfunga na anayefuata, na mwingine, na wale waliokwisha kufungwa wakawafunga wenzao, na nilipokuwa nikisema "shika pindo la gauni pia, lisibaki," sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka kwenye treni. Watoto wa shule walikuwa wakitushangilia. Mikoba aliishika Mama Philister, ambaye alisema mwenyekiti hawezi kuacha mali ya kikundi. Nadhani vile vikombe vilikuwa bado vinamzunguka.

Mwaitu nilimfunga mwisho. Alisimama akiwa ameinua mikono kidogo, kama mtoto anayevalishwa sare ya shule. Nikampeleka kiti nambari saba, mimi nikakaa cha nane. Nilikuwa naogopa sana, sitaki kudanganya. Mlingoti ukaanza kuzunguka polepole, ardhi ikaondoka miguuni, viti vikapanda na kutawanyika, na upepo ukanipiga usoni. Mwaitu hakupiga kelele. Alinyoosha miguu mbele yake, vidole vimeelekea juu, akaiegemeza shingo nyuma. Alikuwa anaujua ule mchezo. Miaka thelathini na zaidi, na miguu yake ilikuwa bado inaujua.

Tuliposhuka nikamkalisha kwenye benchi. Alicheka peke yake, akatulia, akacheka tena, akafuta macho kwa ncha ya leso aliyoichomoa nyuma. Wenzake walikuwa wamemzunguka Hesbon wakimwuliza kama tiketi haiwezi kuongezwa mchezo mmoja.

"Kumbe unaweza kusimama ukasema hivyo mbele za watu," mwaitu akaniambia. "Nilikuwa nakusikiliza. Wewe ungekuwa mwalimu. Mimi ndiye niliyekuharibia, mimi na wale nyani wangu."

Nilikaa karibu naye. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni na sikuona tena sababu ya kuyarudisha.

"Mwaitu," nikasema, "siku ile uliyonirudisha shule, sikufika kwa mwalimu. Nilikaa nyuma ya kanisa na daftari zangu mpaka saa sita, nikarudi nikakwambia nafasi yangu imechukuliwa. Hakuna aliyeichukua. Nilikuwa naogopa kusimamishwa nisome wenzangu wakinisikia. Hukunikosesha kitu. Haikuwa wewe, wala hawakuwa nyani."