Udongo wa Nshamba

Jumanne saa tatu asubuhi Theopista alivaa jaketi la kuokolea maisha, akakaa benchi la kushoto la boti yenye sakafu ya kioo, akaweka ndoo yenye mfuniko katikati ya miguu. Wageni walikuwa sita. Nahodha, Maige, alizima injini baada ya kuvuka maboya ya njano na kuanza kupiga kasia, kwa sababu ndani ya maboya ni hifadhi.

Chini, kama mita saba, kulikuwa na miamba, furu, samaki wadogo wa ziwani, wa buluu na wekundu, na mume wa Theopista. Rugaibula alizama na mtumbwi wake miaka miwili iliyopita. Sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe, akishona wavu. Wageni walipiga picha.

"Mna bahati," Maige aliwaambia. "Jumapili huwa hapatikani."

Shida ilikuwa Nshamba, nyumbani. Katika ukoo wa Rugaibula, mwanamume huzikwa ndani ya kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, na mjane hubaki hapo na kaburi. Shemeji yake, Kahangwa, alikuwa amemweleza bila kupandisha sauti. Kufikia Ijumaa pasipokuwa na kaburi, kibanja kinarudi kwa ukoo.

"Mjane analinda kaburi," alisema. "Wewe unalinda nini?"

Theopista alikwenda ofisi ya hifadhi mara nne. Kila mara afisa, jina lake Audax, alimpa kiti na chai.

"Mama, sheria inakataza kutoa humo chochote, kilicho hai au kilichokufa."

"Na yeye yuko upande gani, waitu?"

"Hapo ndipo faili lilipokwama. Liko Bukoba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa nne." Audax alikoroga chai yake. "Lakini boti panda bure, mama. Wewe ni ndugu wa kivutio."

Kwa hiyo Theopista, aliyeshindwa kumpeleka mume kwenye kibanja, alikuwa amechimba kibanja na kukileta. Alifungua ndoo, akainama ukingoni, akamwaga udongo mweusi ziwani.

Udongo haukutawanyika. Ulishuka wima. Rugaibula alitazama juu, akaweka wavu pembeni, akaupokea kwa mikono miwili. Ndoo ilikuwa ya lita kumi, lakini iliendelea kumwaga kwa robo saa, na Theopista alilazimika kubadilisha mkono. Rugaibula alisawazisha udongo kati ya miamba, akalala chali, akajivutia udongo mpaka kifuani, kisha mpaka usoni. Furu walimpisha.

"Hufanya hivi kila siku?" aliuliza mgeni mmoja.

"Hapana," alisema Maige. "Leo ni mara ya kwanza."

Audax alimwandikia Theopista barua ya onyo kwa kuingiza udongo hifadhini. Alimwomba radhi, akampa nakala.

Alhamisi Kahangwa alikuja na wazee wawili wa ukoo. Boti ilisimama juu ya kaburi. Mgomba ulikuwa umechipua hapo chini, una majani matatu, unayumba na maji. Kahangwa alivua kofia, akapiga magoti juu ya kioo, akalia sana. Mzee mmoja alisali kwa Kihaya.

"Umemzika ndugu yangu vizuri, shemeji," alisema Kahangwa.

"Mmeliona kaburi kwa macho yenu, Ta Kahangwa."

"Tumeliona."

"Na udongo ni wa kwenu."

"Ni wetu. Hata mgomba ni wa kwetu, naujua kwa jani." Alipangusa uso kwa kofia. "Lakini halipo Nshamba."

"Basi nichimbieni mimi. Nizikeni pale, nami nitalinda."

"Usiseme hivyo. Wewe bado unatembea."

Theopista aliwatazama wazee. Wazee walitazama maji.

Ijumaa mchana alifunga vitu vyake. Binamu yake wa Bakoba, mjini Bukoba, alikuwa amempatia kona ya sebule. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kutoka kibanjani ilikuwa tope tupu. Kahangwa mwenyewe alimbebea godoro kichwani hadi barabarani, akitembea polepole sana, lisije likachafuka.