Canaiolo ya Ersilia

Jumapili, baada ya supu ya mkate na maharage, Ottorino Bandinelli alimmiminia mgeni wake mvinyo mpya. Mgeni alikuwa mnunuzi kutoka Siena. Mvinyo ulichanganywa kama kawaida ya vilima vya Chianti: sehemu kubwa sangiovese, zabibu kali isiyojua kucheka, na kiasi cha canaiolo, zabibu laini, cha kuituliza. Canaiolo ilianikwa juu ya jiko hadi ikasinyaa, kisha ikatiwa pipani mvinyo ukiwa bado unachacha. Ilitoka kwenye mizabibu ambayo marehemu baba alimwachia Ersilia, dada yake Ottorino, kwa mdomo tu. Mwaka huu Ottorino aliichuma mwenyewe bila kumuuliza.

Mgeni alipoinua glasi, canaiolo ilijitenga na mvinyo, ikatoka. Ilipanda ukingo, ikashuka kwenye kitambaa, ikaupisha mkate kwa adabu, ikaingia kwenye glasi ya Ersilia mwishoni mwa meza.

"Inueni mkate, utalowa," alisema mke wa Ottorino.

Mgeni akaonja kilichobaki pamoja na nyama ya nguruwe mwitu. Akakunja uso.

"Bwana Ottorino, huu unang'ata. Nyama ina mafuta yote haya na bado inaomba msaada."

"Ersilia, irudishe."

"Niirudishe vipi, kaka? Nimeiita mimi?"

"Usinitie aibu mbele ya mgeni."

"Niandikishie mizabibu yangu, nitarudisha hata pipa zima."

"Kula. Nyama inapoa."

Ottorino akabeba kiti cha dada yake, naye akiwa amekikalia, akakiweka ubavuni mwa mgeni. Mgeni akanywa funda la glasi yake, funda la glasi ya Ersilia, akala kipande cha nyama. Uso ukakunjuka. Alisema mvinyo sasa una harufu ya plamu, na kwamba hata jibini la kondoo lililokomaa lingeuvumilia. Akanunua mapipa yote, kwa sharti kwamba mama huyo aandamane nayo.

"Huyu hana shida," alisema Ottorino. "Hali chakula kingi."

Mwezi Machi lori lilikuja. Yalipakiwa mapipa, kisha kiti, kisha Ersilia. Dereva alimfunga kamba kiunoni, maana barabara ina kona nyingi.

"Na mizabibu yangu?" aliuliza Ersilia.

"Iko salama," alisema Ottorino.

Alasiri hiyo aliipogoa yote mwenyewe. Ilikuwa imestawi sana, ikambidi aongeze waya wa kuitambazia.