Vigae Vyenye Njaa

Nyundo ya mpira huchaguliwa kwa kiganja, si kwa macho. Nimewaambia hivyo mafundi wengi, wakanicheka, kisha wakanunua ile yenye rangi nzuri. Mpira mweusi kwenye kigae cheupe, kwa mfano: utagonga siku nzima, na jioni sakafu inaonekana kama imetembelewa na mtoto aliyechezea makaa. Mpira mgumu mno unapasua kona. Nyundo nyepesi mno inakipapasa kigae badala ya kukikalisha. Mimi, baada ya kupasua vya kutosha na kutukanwa vya kutosha, nilitulia na moja tu: kichwa cheupe, mpini wa mti mkavu, mwembamba shingoni. Watu waliniita Pimamaji kwa sababu sakafu zangu hazikuwa na mlima wala bonde. Nyundo hawakuipa jina, lakini nusu ya sifa ilikuwa yake.

Kigae kikilazwa, chini yake gundi inatakiwa ijae kila mahali. Ikikauka, unakigonga kigae kukipima. Kilichoshiba kinasema du. Chenye njaa, yaani chenye uwazi chini, kinasema ko. Ukikitazama utasema kizima, lakini siku kitu kizito kikipita juu yake, kinapasuka na jina lako linapasuka nacho. Fundi hujua kwa sikio, na mimi masikio yangu yalikuwa yameliwa na mashine ya kukatia vigae. La kulia lilikwisha kabisa. La kushoto lilibaki la kuombea dua. Maneno ya watu walio mbele yangu nilikuwa nayapata, hasa wakinisema vibaya. Ule mlio mdogo wa ko ndio ulionihama.

Aliyeligundua hilo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe tangu hajui mwiko unashikwa upande gani. Tulimwita Mswaki: mwembamba, nywele zimesimama. Aliniita mara tatu nikiwa nimempa kisogo, sikugeuka, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, husikii?"

"Nasikia ninachotaka."

Hakucheka. "Basi wewe uwe macho, mimi niwe masikio. Wateja wasijue. Nani atampa kazi fundi asiyesikia vigae?"

Mtu akikufunika aibu unamwona kama blanketi. Sikujiuliza blanketi lina nini upande wa pili.

Ndipo tukapata kazi ya jengo la kuoka mikate. Mwenyewe tulimwita Mama Tanuri, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuita watu walio barabara ya pili. Alinionyesha matoroli yake ya chuma, marefu kama makabati, yenye vigurudumu vidogo vikali.

"Yakijaa trei, moja ni zito kuliko mume wangu," alisema. "Na yatapita hapa kutwa. Sakafu ikivunjika mikate yangu inalala, na wewe, Pimamaji, hutalala."

"Sakafu yangu ikivunjika," nikamjibu, "nitakula kigae kwa chumvi."

Tukacheka. Lakini nilikuwa nimeweka jina langu pale, na fundi wa umri wangu hana kingine cha kuweka.

Wiki ile ile Mswaki alinijia na zawadi: nyundo mpya, kichwa cheupe, mpini umevikwa sponji nene kama mkono wa pikipiki ya tajiri. Akasema mpini wa ile ya zamani umeanza kuchanika, ataupeleka kwa seremala.

"Kiganja kipumzike, dada. Umegonga maisha yote."

Niliishika. Laini! Unagonga, mkono haujui kama umegonga kigae au umegonga godoro. Nilimshukuru hadi nikamwona anatazama chini, nikadhani ni haya ya mtu mwenye adabu.

Kazi tuliigawana kama siku zote. Mimi nilishika kingo, vipande vya kukata na kuta. Yeye akalaza ukumbi wa katikati, kwenye njia ya matoroli. Kila asubuhi nilipita kwa magoti nikigonga alivyolaza jana, naye kando yangu, kichwa kimeinama kama daktari.

"Vipi?"

"Vimeshiba, dada. Vinaimba."

Siku moja kabla ya kukabidhi, kigae cha mlangoni kilikuwa kimeinuka unywele mmoja. Mswaki alikuwa ametoka na begi zima la zana. Siku hizo alikuwa na safari nyingi za "narudi sasa hivi". Nikamwendea fundi bomba, aliyekuwa chooni akigombana na koki.

"Niazime nyundo yako ya mpira."

"Nyeusi hiyo, mama. Utaniharibia jina."

"Una jina wewe? Lete, na soksi yako moja."

"Soksi?"

"Nataka kuivalisha kichwa. Ukisema ni chafu nitakuamini."

Akavua huku akinung'unika. Nikaivalisha nyundo soksi isiache alama, nikainama mlangoni. Mpini ulikuwa wa mti, mtupu, umeng'arishwa na jasho la miaka. Kigae cha mlangoni, nilichokilaza mwenyewe, kiligonga kiganja changu sawasawa: pigo zito, fupi, limekwisha. Nikasogea kwenye kinachofuata, cha Mswaki. Mpini ukatetemeka kiganjani.

Hapo kuna siri ya pili, na hii Mswaki sikumwambia. Sikio lilipokufa, nilijifunza kusikia kwa mkono. Kigae kilichoshiba kinarudisha pigo moja. Chenye njaa kinarudisha pigo na mtetemo mdogo nyuma yake, kama mtu anayesema ndiyo huku roho inakataa. Mtetemo huo hupanda kwa mti hadi kwenye nyama ya kidole gumba. Haupandi kwa sponji.

Nikagonga cha tatu. Cha nne. Nikaenda kwa magoti hadi katikati ya ukumbi, kiganja kikilalamika njia nzima.

"Fundi bomba! Njoo na masikio yako."

Alikuja na mguu mmoja wenye soksi. Nikagonga. Nikagonga kingine.

"Hivi, mama, wewe husikii? Hicho ni kifuu kitupu."

"Vyote?"

"Njia yote hii. Nilidhani mmeacha hivyo makusudi, mna utaalamu wenu."

Nikachukua tindo ya fundi bomba nikang'oa kimoja. Kilitoka bila ubishi, kama jino la mtoto. Chini yake palikuwa na mafungu matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, yamepangwa kama nyanya gengeni. Baina yao hewa tupu. Nikang'oa kingine: nyanya tano.

Mswaki alinikuta nimekaa sakafuni, kigae mapajani. Alisimama mlangoni na begi begani. Fundi bomba akakumbuka ghafla kwamba koki inamngoja.

"Dada, nilikuwa na haraka siku ile..."

"Siku ipi? Ukumbi mzima umelazwa kwa haraka ya siku moja?"

"Nitavirudia vichache vibaya."

"Vizuri ndivyo vichache, shemeji. Uliniambia vinaimba."

Akaweka begi chini taratibu, kama lina mayai. Mimi sikuwa nikitazama uso wake, nilikuwa natazama lile sponji lililochungulia mdomoni mwa begi. Nikahesabu moyoni: nyundo ilikuja kabla ya kigae cha kwanza kulazwa. Mtu mwenye haraka hajiandai mapema hivyo.

"Nyundo yangu iko kwa seremala gani?"

Akasukuma begi nyuma kwa mguu.

"Shemeji, wewe ulijua habari ya sikio. Habari ya kiganja nani alikwambia?"

Nywele zake zote zilikuwa zimesimama, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanguka. Sikuhitaji anijibu. Duniani nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu, mbele ya beseni la vyombo, mimi nasugua yeye anasuuza, siku niliyolia kwa sababu ya sikio langu. Nilimshika kidole gumba nikamwonyesha: mtetemo unapita hapa. Akanikumbatia na mapovu yake, akasema, "Basi Mungu hakukuacha, dada."

Nilimwambia Mswaki aende nyumbani. Kisha nikampigia Mama Tanuri, maana habari mbaya ukiichelewesha inazaa. Alipofika nilimwonyesha nyanya tano, nikamwambia na la sikio. Lile la sikio lilinitoka kwa shida kuliko lote. Nilikuwa nalitangaza mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa mwanamke mwenye sauti ya kufika barabara ya pili.

Alinyamaza, jambo ambalo nadhani hata mumewe hajawahi kuliona.

"Utang'oa?"

"Vyote vya katikati. Kwa gundi yangu."

"Mafundi wa tanuri wanakuja mwisho wa wiki. Hadi hapo uwe umemaliza. Kazi yangu nyingine, Pimamaji, sikuahidi."

"Sikuomba."

"Na kigae kwa chumvi?"

"Nitakula baadaye. Sasa hivi sina hamu."

Alitaka kucheka, akaghairi.

Mdogo wangu nilimkuta uani anaanika nguo. Aliponiona alijua, mumewe alikuwa amekwisha kufika, niliona kivuli chake kikipita dirishani kikienda chumba cha mbali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa uliifua, ukaipiga pasi, ukaipeleka shule.

"Ulikwenda naye dukani kuichagua ile nyundo?" nikamuuliza.

Alibana shati kwenye kamba kwa vibanio vitatu, shati moja. "Dada, ungeacha lini?"

"Kuacha nini?"

"Kazi. Miaka hii unatambaa sakafuni na masikio hayapo. Ungeacha mwenyewe? Hungeacha. Tulisema iharibike kazi moja tu, moja, watu waseme Pimamaji amechoka. Upumzike. Wateja wabaki kwetu, na sisi tukutunze."

"Mnitunze."

"Kwa heshima zote. Chumba tulishakufikiria."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo paliponiumiza. Mwizi wa usiku anajua ameiba. Huyu alikuwa ananitazama kwa macho ya huruma, machozi yamejaa, mikono imeshika nguo zangu mbili za kazi ambazo alinifulia bila kuambiwa.

"Kidole gumba changu," nikasema, "nilikupa wewe. Sikukupa wewe na mumeo."

"Ni mume wangu, dada."

"Najua. Nilisimama kwenye ndoa yenu."

Akaanza kulia kwa sauti. Zamani ningekwenda kumshika. Mkono wangu ulikwisha kunyanyuka, nikaurudisha mfukoni. Nikachukua nguo zangu zikiwa mbichi, maji yakinichuruzika viatuni.

"Jumapili utakuja?" akaniuliza nikiwa langoni. "Watoto watakuuliza."

"Nitakuja. Watoto hawajanikosea."

Siku zilizobaki niling'oa na kulaza, fundi bomba akinichanganyia gundi jioni baada ya kazi yake, akilalamika kuhusu soksi yake mpaka nikamnunulia jozi nzima. Nilieneza gundi kwa mwiko wa meno, ukuta hadi ukuta, nikagonga kila kigae kwa nyundo ya kuazima. Tanuri likaingia. Toroli la kwanza likapita mbele yangu limejaa trei, sakafu haikusema lolote. Mama Tanuri alinipa mkono. Hakunipa kazi nyingine, na wiki ile simu yangu haikulia.

Jumapili nilikwenda. Nyumba ile tangu waihamie nilikuwa naingia kwa mlango wa jikoni, nafunua sufuria kabla sijasalimia mtu. Safari hii nilizunguka mbele, nikabisha hodi.

Mdogo wangu alinifungulia mwenyewe. Alitazama viatu vyangu, nilivyokuwa nimekwisha kuvivua nje, akasogea nipite. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Utakunywa nini?" akaniuliza.

Hakuwahi kuniuliza hivyo maisha yake yote.

"Maji tu," nikasema. "Asante."