Kumvusha Kaka

Kwa mtu asiyewajua, kinyozi na seremala walikuwa watu wanaopendana kupita kiasi. Kila mwaka walisimama pamoja jukwaani katika ukumbi wa mtaa, wakitaniana, wakishikana mabega, wakimaliziana maneno, mpaka watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mtaa mzima ulijua kuwa ni ndugu wa tumbo moja, kinyozi mkubwa, seremala mdogo. Na mtaa mzima ulijua jambo la pili pia: wakishuka pale jukwaani, hawasemeshani.

Usidhani walisalimiana kwa shingo upande. Hawakusalimiana kabisa. Kwenye mazoezi, katika chumba kidogo chenye viti vya plastiki na feni iliyosahau kuzunguka, walitumiana watu. "Mwambieni kinyozi asikanyage hapo, rangi mbichi," seremala alikuwa akisema, na kinyozi yuko palepale karibu yake, masikio yote mawili mazima. Kinyozi naye aliugeukia ukuta: "Mwambieni nimesikia." Wenzao walishazoea. Mgeni akijiunga na kikundi alicheka mara ya kwanza, mara ya pili akaona aibu, baada ya hapo akawa mjumbe kama wengine.

Chanzo kilikuwa mama yao. Alipofariki, seremala alikuwa mbali, amepata kazi ya kuezeka shule. Alipopata habari alidandia lori usiku uleule, lori likaharibika njiani, na alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa na udongo bado una unyevu. Kaka yake ndiye aliyeamua wasisubiri. Alikuwa na sababu zake: wazee walimsukuma, joto lilikuwa kali, na simu ya seremala ilikuwa haipatikani. Seremala hakutaka kusikia sababu. Alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Kuanzia leo usinisemeshe." Kaka yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akajibu, "Haya." Ile "haya" ndiyo iliyomuuma seremala kuliko yote. Angalau angebisha.

Tangu hapo seremala alinyolewa kwingine. Duka la kaka yake lilikuwa mkabala na karakana yake, barabara tu katikati, lakini yeye alikata mitaa kwenda kwa kijana mmoja mwenye mashine butu, akarudi na kichwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Mkewe alimwambia bila kumung'unya maneno: "Hasira ni zako, ila aibu ya hicho kichwa naibeba mimi."

Kwenye kikundi cha maigizo hakuna aliyekubali kuondoka. Mama yao ndiye aliyewapeleka pale wakiwa vijana, na katika kila onyesho alikaa kiti cha mbele, akicheka kabla hata kichekesho hakijafika. Kuondoka kungekuwa sawa na kumwachia mwenzako kile kiti. Mkuu wa kikundi, mwalimu mstaafu waliyemwita Bi Kengele kwa sababu ya kengele ya shule aliyokuja nayo mazoezini, hakupoteza muda kuwasuluhisha. Aliwapanga tu uso kwa uso, mchezo baada ya mchezo. "Wakiwa na karatasi mkononi wanapendana," alisema. "Basi mimi nitawapa karatasi."

Kikundi kile hakikuwa na mtu wa kunong'oneza maneno nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa mashuka mawili. Ukisahau maneno yako, aliye mbele yako ndiye wa kukuokoa: anatia neno lolote, upesi, la kukurudisha kwenye mchezo kabla watazamaji hawajagutuka. Wenyewe waliita kuvusha. Bi Kengele aliwatia hofu ya kitu kimoja tu, nacho ni ukimya. "Jukwaa likinyamaza," aliwaambia, "watu wanaanza kukumbuka sufuria walizoacha jikoni." Na kwa kuvusha hakuna aliyemfikia seremala. Akiona tu macho ya mwenzake yameanza kutangatanga, neno limeshamtoka mdomoni, na watu wanacheka wakidhani limeandikwa.

Mwaka ule ubao wa ukumbi ulitangaza michezo miwili: katikati ya mwaka kichekesho kiitwacho Mgeni Hana Mzigo, na mwisho wa mwaka mchezo wa machozi kuhusu mkunga. Kichekesho kilihusu tapeli anayegonga nyumba ileile kila siku akijidai ndugu. Siku ya kwanza ni mjomba, siku ya pili ni shemeji, siku ya tatu ni jirani wa marehemu bibi. Tapeli alikuwa kinyozi. Mwenye nyumba alikuwa seremala, ambaye kazi yake ni kumfukuza kila mara, na mwishoni kumpa kikombe cha maji na kumwonyesha mlango. Mlango huo aliutengeneza mwenyewe, wenye bawaba za kweli.

Mazoezini suruali ya kinyozi ilianza kumpwaya. Alikohoa nje, mkono mdomoni, akarudi akaendelea. Seremala aliona, si kwamba hakuona.

"Mwambieni kinyozi atafute mkanda."

"Mwambieni nimesikia."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama. Mjomba akafukuzwa. Shemeji akafukuzwa. Watu wakashika matumbo. Mlango ukagongwa mara ya tatu, na seremala akafungua.

"Wewe tena," alisema, kama ilivyoandikwa. "Haya, leo ni nani wangu?"

Hapo kinyozi alitakiwa kusema kwamba yeye ni jirani wa marehemu bibi. Badala yake alivua kofia, na kofia haikuandikwa kuvuliwa.

"Mimi ni kaka yako," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Nani hakujua kwamba ni kaka yake? Watu walipiga makofi, wakapiga viti. Kinyozi hakungoja kicheko kiishe. Alisema humohumo ndani yake, kwa sauti ambayo haikuwa ya tapeli, "Nilitakiwa kukusubiri. Sikukusubiri." Kisha akanyamaza, kofia kifuani, jasho likimtiririka, akimtazama mdogo wake.

Kicheko kikaisha. Kitu kilimshika seremala kifuani, akakihisi wazi, lakini ukimya nao ulishaanza, ukitoka viti vya nyuma kuja mbele, na pembeni aliona mkono wa Bi Kengele umeganda juu ya kengele. Maneno yamemruka, aliwaza. Huyu kapotea. Mdomo wake ukatangulia, kama ulivyotangulia mara zote.

"Kaka yangu? Juzi mjomba, jana shemeji, kesho utaniambia wewe ndiye bibi, umefufuka. Shika maji, unywe, uende zako."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Kinyozi alimtazama kidogo tena. Akapokea kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akasema maneno yake ya mwisho sawasawa na yalivyoandikwa: "Maji yako matamu, mwenye nyumba." Akavaa kofia akatoka. Mlango aliufunga polepole, kwa sababu bawaba moja ilikuwa imelegea na yeye alijua.

Nyuma ya mashuka watu walimzunguka seremala. "Leo umemvusha mtu mtoni," fundi viatu, mwenzao kikundini, alimwambia, akimpiga mgongoni. Seremala alikuwa akifuta poda usoni, kichwa kimejaa makofi, na raha ikampa ulimi mrefu.

"Mwambieni kinyozi asome karatasi zake vizuri. Siku nyingine simvushi."

Kinyozi alikuwa kwenye kona akifungua vifungo. Mkono ukasimama kwenye kifungo kimoja, kisha ukaendelea.

"Mwambieni nimesikia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyotoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, na hata hayo hakuambiwa yeye.

Kichekesho kilipoonyeshwa mara ya pili, fundi viatu alicheza nafasi ile akiwa na karatasi mkononi, maana kinyozi alikuwa amelazwa. Kila asubuhi seremala alifungua karakana yake akaona kufuli kwenye duka la mbele. Alisema atakwenda hospitali. Akasema kwanza amalize dirisha la watu. Kisha kitanda cha watu. Ukweli ni kwamba alikuwa akitafuta neno la kuanzia. Mtu aliyeweza kumpa neno kila aliyekwama, mwenyewe alipiga randa mbao mpaka zikawa nyembamba kuliko zilivyotakiwa, akijaribu moyoni: Kaka, unaendeleaje. Hapana. Kaka, nimekuja. Hapana. Alikuwa bado anatafuta walipokuja kumwambia kwamba kaka yake hayupo tena.

Safari hii alikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Alishika beleshi yeye mwenyewe, akakataa kupokewa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Haikumsaidia kitu.

Msiba ulipopoa, shemeji yake, mke wa kinyozi, alimwita. Mwenye jengo alikuwa anataka chumba chake, na kile kioo kikubwa na rafu zilihitaji mtu wa kuzifungua bila kuzivunja. Seremala alichukua bisibisi akavuka barabara. Barabara yenyewe haikuwa pana.

Ndani kulikuwa na harufu ya spiriti na poda. Mashine ya kunyolea ilining'inia msumarini. Kiti cha wateja kilizibwa kwa utepe mahali ngozi ilipochanika, na chini yake zilikuwa zimebaki nywele za mteja wa mwisho, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifagia. Seremala alianza na skrubu za juu. Alifanya kazi kwa muda kabla ya kusema lililomleta hasa.

"Shemeji, siku ile ya onyesho, kaka alikuwa ameshazidiwa, eh? Maana maneno yalimruka kabisa. Ikabidi nimvushe."

Alilisema kama mtu anayeomba aambiwe ndiyo. Shemeji alikuwa akikunja taulo. Alimaliza kulikunja lile alilolishika.

"Hayakumruka, shemeji."

Seremala aliendelea kuzungusha bisibisi, ingawa skrubu ilishatoka.

"Ile karatasi aliijua yote," shemeji alisema. "Yale mengine tuliyafanyia mazoezi hapahapa, wateja wakishaondoka. Yeye anasimama pale mlangoni na kofia yake, mimi nakaa kwenye hicho kiti. Mimi ndiye wewe."

"Kwa nini hakuja tu pale kwangu? Si barabara tu?"

"Ulimwambia asikusemeshe. Akaniambia, jukwaani ndiyo sehemu pekee niliyoruhusiwa."

Kioo kilikuwa kimebaki kwenye skrubu za chini. Seremala alikishika kwa mikono yote miwili, uso wake mwenyewe umemkaribia.

"Na wewe," aliuliza, "ulipokuwa mimi, ulimjibu nini?"

"Siku ya kwanza nilimfukuza, kama kwenye mchezo. Akakataa. Akasema, wewe usijibu kitu. Mdogo wangu hawezi kukaa kimya jukwaani, tangu utoto hawezi. Siku akinyamaza mbele yangu, nitajua yamemwingia, na hilo linanitosha." Shemeji alichukua taulo jingine. "Basi mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kimya. Anasema, nakaa kimya, anacheka, tunafunga duka."

Seremala aliketi kwenye kile kiti. Kwenye kioo aliona kichwa chake kilichonyolewa ovyo, mabaka huku na huku, na nyuma yake hakuna mtu amesimama. Akalia, bila kujificha, kama mtoto aliyeachwa nyumbani. Shemeji alimwacha alie. Kuna jambo moja seremala hakuweza kulijibu, si siku ile wala baadaye: kile kitu kilichomshika kifuani pale jukwaani, alikuwa hakijui, au alikijua akakiogopa? Hilo ndilo lililomla, na linamla mpaka leo.

Bi Kengele alifuta mchezo wa mkunga. "Mwaka huu sina nguvu za kulia kwa kuigiza," alisema. Wakaamua kurudia Mgeni Hana Mzigo, kwa heshima ya marehemu, fundi viatu akiwa tapeli. Safari hii alijifunza maneno yote kichwani. Mjane wa kinyozi alikuja akakaa kiti cha mbele.

Mjomba akafukuzwa. Shemeji akafukuzwa. Mlango ukagongwa mara ya tatu, na seremala akafungua, bawaba ikilia, kwa sababu hakuwa ameitengeneza.

"Wewe tena. Haya, leo ni nani wangu?"

"Mimi ni jirani wa marehemu bibi yako," fundi viatu akasema, bila kosa hata moja.

Seremala hakujibu. Hakuwa amesahau. Alisimama ameshika mlango, akitazama mahali kofia ilipovuliwa, na akauacha ukimya uje. Ulikuja kutoka viti vya nyuma, safu kwa safu, ukafika mbele, ukapanda jukwaani. Mtu mmoja alikohoa, akakoma. Pale mbele mjane alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Kengele, aliyekuwa ameshainua kengele, aliushika ulimi wa kengele kwa vidole na kuilaza mapajani. Seremala alitaka uendelee kidogo tu, kidogo tena, mpaka umfikie yule aliyekuwa akiusubiri.

Lakini fundi viatu alikuwa mbele yake, na aliyaona macho ya mwenzake yakitangatanga. Alikuwa amefundwa vizuri.

"Naona umeduwaa kwa furaha, mwenye nyumba," alisema upesi. "Basi nipe maji yangu, ninywe, niende zangu."

Watu wakacheka. Seremala akampa maji.