Kabureta Mbili, Kiti Kimoja

Mimi na mdogo wangu tulishamaliza maneno. Msimu huu gari linabaki na kabureta. Tulikubaliana gereji, mchana kweupe, tukapeana mikono yenye grisi, na yeye ndiye aliyecheka akasema, "Haya dada, umeshinda, zeeka na kabureta zako." Kwa hiyo asije mtu akaniambia eti hatukuelewana.

Gari lenyewe alituachia baba. Gari la mbio, la chini kabisa, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, viti viwili basi. Alitugawia mwenyewe kabla hajafumba macho: mdogo wangu ashike usukani, mimi nishike injini. "Na mpande wote wawili," alisema. Katika mbio zetu za kupanda mlima, anayeruhusiwa kugusa injini njiani ni yule aliyepanda ndani tu, kwa hiyo kiti cha pili kikawa changu. Sina kingine cha baba. Nyumba ni ya mama, shamba lilikwenda na wajomba. Mimi nina kiti.

Kazi yangu naifanya kwa kipande cha mpira wa maji. Ncha moja unaitia sikioni, nyingine unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza inavyovuta hewa. Unahamia ya pili. Zisipovuta sawa unakaza skrubu hapa, unalegeza pale, mpaka zipatane. Mdogo wangu sikio hilo hana, yeye kapewa miguu na roho ngumu. Tangu utotoni, akishindwa na mlio wowote, wa redio, wa pampu, wa cherehani ya mama, alikuwa ananivuta nguo: "Dada, nisikilizie." Nami namsikilizia.

Basi mwaka huu akaja na habari za nozeli. Tung'oe kabureta, tuweke nozeli zinazonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta. Alikuwa na hoja, simnyimi haki yake. Mlima ule kadiri unavyopanda hewa inapungua, na kabureta haijui, inaendelea kumwaga petroli ileile mpaka injini inapaliwa. Kompyuta inajua, inapunguza yenyewe. Mimi nikamwambia kabureta ikisumbua mlimani naifungua kwa bisibisi, kompyuta ikisumbua utaifungua kwa nini, kwa dua? Tukabishana wiki nzima mpaka mama akatufukuza mezani. Mwisho ndiyo ile mikono ya grisi.

Kabla sijasafiri kumpeleka mama akafanyiwe upasuaji wa macho, mdogo wangu akaniomba jambo. "Dada, nitengenezee gari, ile safi yako kabisa. Kila mwendo, polepole hadi kasi." Kwenye bomba la moshi alikuwa amechomeka kidude chenye waya. Nikauliza cha nini, akasema cha kupima joto. Pembeni alikaa kijana mwenye kompyuta mapajani, nikaambiwa ni rafiki kaja kushangaa. Na alishangaa kweli! "Mama wee, sikio gani hilo!" Mdogo wangu naye akadakia, eti hakuna fundi kama dada yangu nchi nzima. Nikavikwa kilemba cha ukoka na nikakinyoosha mwenyewe kichwani kikae vizuri. Nilifanya kazi mchana kutwa, tena nikiwaeleza: hapa naongeza kidogo kwa sababu hii, pale napunguza kwa sababu ile.

Nikiwa hospitalini na mama nilimpigia simu, naulizia gari. "Lipo, dada. Usiwe na haraka, nisikilizie." Safari hii hakutaka nimsikilizie mlio. Alikuwa na maana nitulie mpaka yeye aniite. Nikatulia.

Nilirudi bila kuitwa, mama akiwa tayari anaona na kulalamikia vumbi la nyumba. Nikapita gereji nikiwa bado na begi begani. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kiti changu hakipo. Pale nilipokuwa nakaa palikuwa na pampu mpya, sanduku jeusi la kompyuta na nyaya zimefungwa kwa ustadi kabisa, hata siwezi kuzisema vibaya. Kabureta zangu zilikuwa sakafuni, kwenye beseni, moja juu ya mwenziwe. Nilisimama kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

Mdogo wangu alitokea nyuma anafuta mikono. "Dada! Mbona hukusema unakuja?"

"Kiti kiko wapi?"

"Ngoja kwanza usikie," akasema, akawasha haraka haraka, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa apate kupita.

Injini ikashika. Na hapo ndipo nilipokatika maini. Gari likiwa limesimama, ilikuwa inanguruma juu kidogo ya inavyotakiwa, yenye haraka haraka fulani. Baba alipoanguka kwenye shimo la gereji goti lake la kushoto lilikakamaa, akawa anaachia klachi kwa pupa na gari linazimika. Nikampandishia mngurumo ule kidogo ili lisimzimikie mbele za watu. Sikumwambia mtu, wala yeye mwenyewe. Baba alipoondoka sikuushusha, kwa sababu ndio uliokuwa umebaki. Hakuna kitabu kinachosema injini ile ikae pale. Ni mkono wangu tu.

"Mmenichota," nikasema. "Kile kidude hakikuwa cha joto, kilikuwa kinanakili kazi yangu."

Kijana wa kompyuta aliinamia kompyuta yake. Mdogo wangu akaanza kujiumauma. "Dada, mashine lazima ifundishwe na mtu. Ningemtafuta nani zaidi yako? Hii ni wewe mtupu! Nimekuweka ndani ya gari milele."

"Umeniweka ndani ya gari, halafu ukang'oa kiti?"

"Uzito, dada. Na pampu ilikosa mahali. Mlimani sasa hakuna cha kugusa, inajirekebisha. Msimu ujao nitakutafutia nafasi."

Ebo! Nafasi! Mimi, kwenye gari la baba, nitafutiwe nafasi kama abiria! Nilitaka kumrushia begi. Nilichotaka zaidi ni kulia, na sikutaka aone. Angeniambia tu. Angesema, dada, nimebadilisha mawazo, nataka nozeli, njoo uifundishe. Ningefoka siku mbili, halafu ningekuja na mpira wangu. Ananijua, alijua ningekuja. Lakini ningekuja na kuuliza nitakaa wapi, na swali hilo ndilo alilolikimbia.

"Shusha huo mngurumo," nikamwambia kijana. "Uko juu. Hapo palikuwa pa mguu wa baba, na baba hayupo." Nikawaeleza habari ya goti. Kijana akamtazama mdogo wangu, akakubaliwa kwa kichwa, akabonyeza. Injini ikashuka, ikatulia, laini, safi, kama ya gari lolote la mtu yeyote.

Mdogo wangu akainua uso. Mlio ule wa kwanza aliukuta akiwa bado na kaptura ya shule. Alidhani gari lilizaliwa nao.

"Hapana. Hii siyo," akasema. "Rudisha ile."

"Nimeshaandika nyingine juu yake," kijana akasema. "Ilikuwa hapa?" Akapandisha.

"Juu kidogo. Hapana, umezidisha. Teremsha. Siyo. Sijui!"

Walipandisha na kuteremsha. Mara moja walipita palepale penyewe, na mlio wa baba ukajaa gereji nzima, mpaka nywele za mkononi zikanisimama. Ningesema "hapo", wangesimama hapo. Nilifumba mdomo. Wakapita.

Mdogo wangu akanigeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mkono wake ukashika ncha ya nguo yangu bila yeye kujua, kama zamani.

"Dada," akasema. "Nisikilizie."

Mpira wangu ulikuwa mfukoni. Niliutoa mkono wake polepole, nikainama, nikabeba beseni la kabureta. Lilikuwa zito na petroli ilinimwagikia miguuni.

"Usiwe na haraka, mdogo wangu," nikamwambia. "Safari hii nisikilizie wewe."